Skrini Nyeupe

Mama yake Mkate alipanda ngazi zangu za chuma Jumamosi mchana, akihema na kugombana na kila kipandio, na mimi huku juu nilikuwa namwomba Mungu zile ngazi ziongezeke.

"Jamani! Huyu binti anafanya kazi mbinguni?" nilimsikia akiuliza.

"Bado kidogo tu, mama. Shika hapo pembeni," Mkate akamjibu.

"Nishike nini, mwanangu? Chuma chenyewe cha moto!"

Nieleze haraka, maana picha ilikuwa inatembea na sikuwa na muda wa kupoteza. Mkate ni jina nililompa mimi. Ni mwoka mikate, tanuri lao liko mtaa wa nyuma ya sinema yetu, na ndiye mwanaume ninayempenda. Nampenda mpaka najikasirikia. Mimi ndiye ninayeonyesha picha pale sinema. Watu wa chini wananiita Fundi, na wengi wao hawajui kama Fundi ni mwanamke. Yeye anaamka wakati wengine wanajigeuza upande wa pili, mimi narudi nyumbani wakati wengine wameshaota ndoto zao zote. Kilichobaki kwetu ni mchana. Onyesho la mchana likianza, Mkate anapanda na mkate wa moto kwenye gazeti, unga bado uko kwenye nyusi, anakaa kwenye kigoda changu, na tunapendana hivyo hivyo, katikati ya rili moja ya filamu na nyingine.

Sasa mama yake hataki. Si kwamba ananichukia, la. Alimwuliza mwanawe swali moja tu: "Mtaoana, au mtakuwa mnapokezana kitanda?" Mkate alinisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lilikuwa la kweli, na swali la kweli linauma hata likija na mzaha.

Basi ndiyo siku ile mama alikuwa anakuja mwenyewe kuchukua jibu. Nikikubali kuachana na mashine, angekwenda kwetu kuzungumza na wazazi wangu kabla mwezi haujaisha. Nikikataa, ndiyo basi, mwanawe atafute kwingine. Na Mkate wangu mimi, yeye alisemaje? Alinishika mkono, akanitazama kwa yale macho yake ya usingizi, akasema, "Mtaelewana tu, Fundi wangu. Nyinyi ni wanawake." Nilitamani nimrushie rili ya kichwa.

Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti." Alisimama mlangoni akajipepea kwa kiganja. Mwanamke mnene, nadhifu, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara, macho hayapitwi na kitu. "Kumbe ndiko anakopotelea mwanangu. Nilidhani ni kwenye pombe. Afadhali ingekuwa pombe, baa angalau zina madirisha."

"Na hapa yapo, mama," nikasema. Nikamwonyesha kile kidirisha kidogo cha ukumbini na lile dirisha la nyuma, la barabarani, lenye wavu wa vumbi.

"Hayo ni madirisha ya kuku."

Mkate akacheka. Nikamkata jicho. Akaacha kucheka, akasimama pale karibu na mlango na kofia yake mkononi, akiikunja na kuikunjua.

Mama akakaa kwenye kigoda. Akaangalia mashine zangu mbili, ya kulia ikiunguruma, ya kushoto ikisubiri. Akaangalia mswaki uliokuwa juu ya meza, akaniangalia mimi.

"Unalala humu?"

"Hapana, mama. Huo ni wa kusafishia mashine. Filamu inaacha uchafu pale inapopita mbele ya taa. Nisipousugua, watu wanaona unywele mkubwa kama kamba kwenye uso wa mrembo."

"Haya." Akatikisa kichwa. "Na chakula unakula saa ngapi?"

"Rili ikiwa mpya."

"Na haja?"

"Naenda kabla ya onyesho. Halafu nabana."

"Nusu siku?"

"Nimezoea."

"Mwanangu, huyu ukimwoa hana figo," alimwambia Mkate, na hapo hata mimi nilicheka. Nikaanza kuwa na matumaini. Nikasema moyoni, mama mwenyewe ana maneno, mimi mwenyewe nina maneno, tutaelewana.

Lakini matumaini yangu na zile mashine havikuwahi kuwa na urafiki. Picha nzima haiingii kwenye rili moja. Inakuja vipande, na kila kipande kinaishi muda mfupi tu. Kikikaribia kufa, kikengele kidogo kinalia juu ya mashine. Hapo natakiwa niwe kwenye kidirisha. Natazama pembe ya juu ya skrini, mkono wa kulia, nasubiri kidoa kidogo cheusi. Kikitokea nawasha mashine ya pili. Kidoa cha pili kikitokea nahamisha taa na sauti, na watu wa chini hawajui kama kuna kitu kimebadilika. Ukipepesa macho, umekikosa. Ukikikosa, skrini inabaki nyeupe, na ukumbi mzima unakupigia miluzi. Mimi sijawahi kukikosa. Mjomba wangu, aliyenifundisha, alikuwa anasema mfu akifufuka nyuma yako, mwambie asubiri.

"Binti, unaongea na mimi au na ukuta?" mama akauliza.

"Na wewe, mama. Macho tu ndiyo yapo kazini."

"Mimi napenda mtu anitazame."

"Samahani, mama." Nikageuka. Nikamtazama usoni, nikahesabu moyoni, nikageuka tena kuangalia mashine.

"Mkizaa, mtoto akilia utamsikia, kwa kelele hizi?"

"Mtoto hatakuwa humu, mama."

"Atakuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

Nikamtazama Mkate. Mkate akatazama kofia. Nikangoja. Kwa jina la Mungu, nilingoja aseme chochote, hata aseme uongo. Aseme, na mimi. Tanuri linafungwa mchana, jioni nzima anakuwa nyumbani, si neno la kusema hilo? Akakohoa tu.

"Unaona?" mama akasema taratibu. Mzaha ulikuwa umemtoka sautini. Alisogeza kigoda karibu nami, magoti yake yakagusa sketi yangu. "Binti, sikiliza. Watu wanasema mimi ni mkorofi, sitaki mwanangu aoe. Nataka. Na wewe umenipendeza, una mdomo, huyu anahitaji mke mwenye mdomo. Lakini nina jambo langu. Hata huyu hajawahi kulisikia kinywani mwangu, alilisikia kwa majirani. Ule usiku baba yao..."

Macho yalishaanza kumjaa machozi.

"Ule usiku, mimi nilikuwa nimelala, sina habari, na yeye kule alikokuwa..."

Kikengele kikalia.

Na mimi, kabla akili haijapata habari, nilikuwa nimeshageuka kidirishani na mkono wa kushoto nimeunyanyua. Kiganja wazi. Mbele ya pua ya mama wa watu.

"Ngoja!" nikasema.

Ndivyo tunavyofanya. Mjomba alimnyanyulia mkono hadi mwenye sinema. Mimi nimemnyanyulia Mkate mara ngapi sijui, naye huwa ananyamaza, anakibusu kiganja changu. Mkono unajinyanyua wenyewe. Kidoa cha kwanza kikatokea, nikawasha mashine ya kushoto. Nyuma yangu kigoda kikasogea. Nikasikia Mkate anasema, "Mama, mama, subiri, ni kazi tu..." Kidoa cha pili. Nikahamisha. Picha ikapita salama, hata hakuna aliyekohoa ukumbini.

Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa wazi na ngazi zilikuwa zinalia, hatua nzito za mama na hatua za Mkate nyuma yake.

"Mama!" niliita. "Mama, nisamehe! Sikukusudia!"

Hatua ziliendelea kushuka.

Sasa nikwambie kilichokuwa kooni mwangu, ujue uchungu wangu. Wiki ile ile nilikuwa nimekwenda kwa meneja nikamwomba aniondoe maonyesho ya usiku. Mwenzangu wa zamu alikuwa anayataka. Nibaki na mchana peke yake, jioni niwe nyumbani kama watu wengine, nipike, nilale, nisipokezane kitanda na mtu yeyote. Meneja alinuna, ila alisema nikiamua kweli nimpe jibu. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nangoja mama amalize kusema nimwambie. Na badala ya kumwambia, nikamzibia mdomo mjane akiwa kwenye kifo cha mumewe.

Nilitaka kumkimbilia. Nilifika mpaka kipandio cha kwanza. Lakini mashine inayotembea haiachwi peke yake, filamu ikikatika ikajikusanya mbele ya taa ile, unaweza kukuta moshi. Na mashine ya kulia ilikuwa tupu, inataka rili. Nikarudi. Nikaipachika rili, nikaanza kuipitisha filamu kwenye meno na magurudumu yake. Vidole vilikuwa havinisikii. Pale chini ya taa lazima uache kitanzi, filamu iwe na nafasi ya kupumua, la sivyo inajivuta na kuchanika. Nikaacha kitanzi kidogo mno. Niliona mwenyewe, nikatoa, nikarudia. Safari ya pili nikaipindua. Nikaitukana ile filamu matusi ambayo mjomba hakunifundisha. Safari ya tatu ikakaa.

Kisha nikakimbilia dirisha la nyuma.

Walikuwa upande wa pili wa barabara, juani, mbele ya duka la viatu lililofungwa. Mama alikuwa anaongea. Mkate alikuwa ameinamisha kichwa. Mama ananyoosha kidole juu, kwangu, Mkate anaitikia. Mama anajigonga kifua, Mkate anaitikia. Nilibandika uso kwenye ule wavu mpaka vumbi likaniingia mdomoni. Sema kitu, nikawa namwambia. Sema, Mkate. Mwambie sikukusudia. Mwambie unanipenda. Fungua mdomo, mwanaume wewe.

Nikarudi kuangalia mashine. Inatembea vizuri. Nikarudi dirishani. Mkate anaitikia.

Nikaenda kwenye kidirisha cha ukumbi, picha safi, sauti safi. Nikarudi wavuni. Sasa mama alikuwa amenyamaza, mikono ameikunja, na Mkate alikuwa anavuka barabara kuja kwangu. Nikajifuta vumbi, nikajipangusa jasho, nikavuta sketi. Nikamsikia akipanda, na nilijua kila kipandio anachokanyaga.

Akaingia. Alikuwa na jasho na nyusi zake zilikuwa safi, alikuwa ameziosha kwa ajili ya siku ile.

"Analia?" nikauliza.

"Kidogo."

"Mungu wangu. Alikuwa anataka kuniambia nini?"

"Baba alikuwa mlinzi wa usiku. Alianguka lindoni, akafia huko." Alikaa kwenye kigoda, akainama. "Watu walimwona asubuhi. Mama alikuwa anamchemshia chai, akijua anarudi. Basi hawezi tena, Fundi. Kitanda kikiwa wazi usiku, hawezi. Hata mimi nikichelewa anatoka nje kusimama mlangoni."

"Na mimi nikamwambia ngoja."

"Ukamwambia ngoja."

"Nitamwangukia miguuni. Onyesho likiisha tu, naja kwenu, nitamwomba msamaha mbele ya majirani wote. Mwambie hivyo."

"Nitamwambia." Akaikunja kofia. "Lakini amenituma."

"Amekutuma nini?"

"Nikuulize kwa mara ya mwisho. Unaacha kazi, au huachi?"

Lile jibu nililokuwa nalo kooni likapanda mpaka kwenye ulimi. Lilikuwa jibu zuri. Lingemshusha zile ngazi anaruka. Lakini nilimwangalia pale alivyoinama na kofia yake, ametumwa, anangoja kubeba jibu kama anavyobeba trei, nikalimeza.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nini?"

"Wewe unataka nini, Mkate?"

"Fundi, mama yuko juani."

"Najua yuko juani. Nimemwona. Nakuuliza wewe. Acha mama, acha mashine. Ukiamka kesho, unataka unikute mimi, au hutaki?"

"Si unajua."

"Sijui."

"Unajua nakupenda."

"Kunipenda najua. Nimekuuliza unataka nini. Mama yako akisema hapana, utamwambia nini?"

Kofia ikakunjwa, ikakunjuliwa.

Kikengele kikalia.

Mkono wangu ulitaka kunyanyuka, niliusikia begani. Nikaushikilia kwa mkono mwingine. Sikugeuka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilikipa kidirisha mgongo, nikavuta hatua moja, nikasimama mbele ya yule mwanaume nikamtazama machoni, na macho yangu yote mawili yakawa yake.

"Fundi," akasema. "Kengele."

"Nimeisikia."

"Dirishani! Vidoa!"

"Niambie."

"Utakikosa!"

"Nakikosa kwa ajili yako. Niambie, Mkate. Neno moja tu, hata kama ni baya."

Nyuma yangu kidoa cha kwanza kilipita, na cha pili kikapita. Sikuviona, ila navijua. Ncha ya filamu ikatoka kwenye mashine, ikaanza kupigapiga kwenye gurudumu, tap, tap, tap. Mwanga ukabadilika ukutani, na usoni kwa Mkate pia. Skrini ilikuwa nyeupe. Mluzi wa kwanza ukaja kutoka viti vya mbele, halafu mingine, halafu miguu ikaanza kugonga sakafu. "Fundiii! Umelala?" Kila mluzi ulinipita mbavuni. Na bado nilikuwa namtazama yule niliyempenda, nasubiri.

Mkate alikuwa ameshikilia kofia kifuani. Aliangalia mashine, akaangalia kidirisha, akaangalia mlango. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mama anasema..." akaanza.

Hapo ndipo nilipogeuka.

Nikawasha mashine ya kulia, nikahamisha taa, nikahamisha sauti. Kitanzi changu kilikaa vizuri. Picha ikarudi, miluzi ikageuka makofi ya kejeli, kisha watu wakatulia. Nikaizima ya kushoto, nikaishika ile ncha iliyokuwa ikipigapiga. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini sauti ilikuwa yangu.

"Mwambie mama nitakuja kumwomba msamaha. Hilo ni langu na yeye, nitalilipa. Na mwambie siachi."

"Fundi, usiseme hivyo. Fikiria. Hebu tafakari kidogo, tunaweza..."

"Tunaweza nini?"

Akaangalia mlango.

"Mama yuko juani," nikamwambia. "Usimcheleweshe."

Akasimama. Nilidhani atanigusa. Nilitaka anishike, hata mabega tu, na ninaapa angenishika ningemwambia kila kitu, yale ya meneja, zamu, jioni, vyote. Akavaa kofia. Akashuka vipandio vya juu taratibu, na vya chini akavishuka haraka.

Simu ya ndani ikalia ukutani. Alikuwa meneja.

"Fundi! Kuna nini huko juu? Miaka yote hiyo hujawahi kuniachia skrini nyeupe. Unaumwa?"

"Siumwi, bosi."

"Mashine?"

"Mashine nzima."

"Sasa?"

Nikapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa namsubiri mtu aseme kitu."

Nilimsikia meneja akifunga mlango wa ofisi yake, kelele za watu wa tiketi zikapungua.

"Akasema?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Alisema nitazame dirishani," nikamjibu, na hapo ndipo kilio kikanishinda.